Nani apigwe? Maongezi yangu na vijana wa mieleka wa Kirumba, Mwanza

Mlioshindwa kuja Jumamosi mmenisumbua sana niandike nilichoongea, haya nimeandika. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, nikawa nasikiliza huku naandika, pale bodaboda zilipopita na kelele nimejaziajazia kwa kukumbuka, na utani mwingine nimeutoa maana ulikuwa wa palepale na wenyewe wapo.

Mwadila jamani. Shikamooni wakubwa zangu, mama zangu naona mmekuja na khanga zenu kabisa kama mnaenda kwenye kumtoa mwali, asanteni sana. Wadogo zangu mambo.

Niende moja kwa moja. Nimeambiwa kuna vijana hapa wanafanya mazoezi ya mieleka kila jioni kule kwenye mchanga, wengine ni makuli wa soko la samaki la Mwaloni, asubuhi wanabeba magunia ya dagaa jioni wanabebana wenyewe kwa wenyewe, na kuna ndugu ana kamera anataka arekodi shoo kila wiki airushe mtandaoni na baadae aipeleke kwenye TV. Safi. Mbao za ulingo mmepata, magodoro mmeomba omba mmepata, hata jezi nimeziona. Nikauliza sasa mmekwama wapi mpaka mniite mimi mzee? Wakaangaliana. Mmoja akasema, mjomba, tatizo hapa kila mtu anataka ashinde.

Basi na mimi nikacheka, maana hilo ndilo tatizo walilonalo hata hao wa Marekani wenye mabilioni.

Mimi ulingoni sijawahi kupanda, msije mkanitafuta. Mimi nilikuwa na banda la video hapahapa Kirumba, mwishoni mwa miaka ya tisini kwenda elfu mbili na kitu, banda la mabati, mabenchi ya mbao, TV ya inchi 21 ambayo mliokuwa mnakaa nyuma mlikuwa mnaangalia visogo vya wenzenu, kiingilio shilingi mia, watoto hamsini. Mikanda ya mieleka ilikuwa inatufikia imechoka na imechelewa, pambano la Marekani la mwezi wa tatu sisi tunaliona Krismasi, na wala hakuna aliyejali maana hakukuwa na mtu wa kukuambia matokeo. Mi nilikuwa nakaa mlangoni na daftari. Usiku nahesabu. Na ukikaa mlangoni miaka yote ile unamjua mtu, unajua leo katoa mia yake kwa ajili ya nini.

Mwanzo nilidhani wanakuja kuona stelingi akishinda. Kumbe stelingi akishinda watu wanatoka wamefurahi, wanarusha ngumi hewani njia nzima mpaka kwao, na kesho huwaoni. Ila siku stelingi kapigwa, tena kapigwa kwa uonevu, adui kaingia na kiti refa kageuka upande mwingine, siku hiyo watu wanatoka kimya, wengine wamenuna kabisa, kuna mzee mmoja wa Igogo alikuwa anagoma kutoka anasema rudisha nyuma huyo refa hakuona. Kesho yake kabla sijafungua hao hapo mlangoni, mkanda unaofuata umekuja? Siku moja umeme ukakatika katikati ya pambano, nikajua leo nitachomewa banda, nikarudisha hela za watu nusu, na kesho walikuja walewale wakalipa tena mia kamili, na wakaja na wengine.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, na mtanibishia mkitaka, huyu jamaa anayepanga mapambano kule, watu wanadhani kazi yake ni kuchagua bingwa. Bingwa hata mtoto wa darasa la pili anakuchagulia, unaangalia mwenye mwili na mdomo. Kinachomnyima usingizi ni nani apigwe, apigwe vipi, na wiki inayofuata huyu aliyepigwa anapewa nini mkononi.

Mama pale kaniuliza, kwani si ni maigizo yale? Ndio mama, matokeo yanapangwa, hilo halina ubishi, wenyewe walishakiri miaka mingi. Lakini mtu wa kilo mia na kitu akibwagwa juu ya mbao, mbao haijui kama ni maigizo. Na kupangwa kwenyewe ndio utamu ninaotaka muuone. Kuna kundi la waandishi, kuna wazee wa kazi waliostaafu kupigana ambao wanakaa na wale wawili kupanga pambano litaendaje, refa ana kidude sikioni anaambiwa bado dakika mbili malizeni, na juu yao wote kuna mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Kwa WWE, ile kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani iliyokuwa ikiitwa WWF, mtu huyo miaka nenda rudi alikuwa Vince McMahon, aliyeinunua kampuni kutoka kwa baba yake 1982, alikuwa anaweza kuchana skripti yote mchana wa siku ya shoo watu wakaanza upya. Tangu 2022 ni Triple H, eeh huyohuyo wa nyundo, kumbe siku hizi anakaa kwenye meza anapanga wenzie nani apigwe.

Na Triple H mwenyewe ni mwanafunzi wa somo hili. Tarehe 19 Mei 1996 pale Madison Square Garden, rafiki zake wawili Kevin Nash na Scott Hall walikuwa wanahamia kampuni pinzani ya WCW, basi usiku ule yeye na Shawn Michaels wakapanda ulingoni wakawakumbatia, maadui na mastelingi wanakumbatiana mbele za watu waliolipa kuona wanachukiana, mabosi wakawaka. Sasa umwadhibu nani? Nash na Hall wanaondoka. Michaels ni bingwa, ukimgusa unavunja biashara. Mzigo wote ukamwangukia Triple H. Alikuwa amepangwa ashinde mashindano ya King of the Ring mwezi wa sita, akanyang'anywa, akaanza kupigwa kila akipanda, na shavu lile likaenda kwa jamaa mmoja ambaye WCW walimtema mwaka uliotangulia akiwa nyumbani anauguza mkono, wakamwona hauziki. Steve Austin. Ndio huyo. Staa mkubwa kuliko wote wa miaka ile alipita kwenye mlango uliofunguliwa na adhabu ya mtu mwingine. Triple H akapigwa, akapigwa, hakususa, na leo ndio bosi.

Lakini King of the Ring haikumfanya Austin awe Austin, hapo mimi na wachambuzi wengi tunatofautiana. Mimi nina daftari. Kilichomfanya ni pambano alilopigwa. Tarehe 23 Machi 1997 karibu na Chicago, WrestleMania 13, ile shoo yao kubwa ya mwaka, Bret Hart ndio stelingi, Austin ndio adui. Refa ni Ken Shamrock. Bret kamkunja miguu kwa ile staili yake ya Sharpshooter, Austin uso mzima damu, meno yote nje, anatakiwa agonge mkono chini kusalimu amri na hagongi. Hagongi. Mpaka kazimia. Kengele, Bret mshindi. Halafu Bret badala ya kuondoka na heshima zake akarudi kumpiga mtu aliyezimia, na Austin alipoamka akakataa kubebwa, akatoka kwa miguu yake anayumba kama mtu ametoka kwenye mtumbwi. Kwenye banda langu walioingia wakiwa wa Bret walitoka wakiwa wa Austin, nimeona kwa macho yangu, banda zima limehama ndani ya nusu saa. Ukisoma matokeo kwenye karatasi, Austin kapigwa. Na mkanda ule niliuonyesha mpaka ukawa unaonyesha theluji tupu.

Mwaka huohuo mwezi wa kumi na moja zamu ya Bret kupigwa ikafika, na hapa msikilize kwa makini nyie mnaotaka kupanga. Alikuwa anahamia WCW, bado bingwa, wakamwambia akabidhi mkanda wa ubingwa kwa Shawn Michaels pale Montreal, kwao Kanada, na Michaels walikuwa hawapatani hata kwa salamu. Bret akasema popote pengine sawa, kwetu hapana. Hawakuelewana vizuri, wakamwacha aamini kwamba hapigwi, halafu tarehe 9 Novemba katikati ya pambano Vince McMahon mwenyewe akiwa pembeni ya ulingo akaamuru kengele igongwe, Bret hajasalimu amri wala nini. Bret akamtemea mate usoni. Miaka mingi wakawa hawaongei. Pesa waliitengeneza baadae maana McMahon akageuka adui mkubwa wa shoo, bosi mwovu, na Austin akapata wa kumpiga, lakini mimi hata siku moja sitakushauri upange hivyo, maana wewe huna mabilioni ya McMahon na yule utakayemdanganya mnakaa naye mtaa mmoja, anamjua mama yako.

Sasa ngoja niwarudishe nyumbani kidogo. Nani hapa kashawahi kwenda kwenye ngoma za Bulabo pale Bujora, Kisesa? Mikono juu. Haya, wengi. Wazee wetu wa Kisukuma walishalitatua hili zamani sana. Bagalu na Bagika. Makundi mawili ya ngoma, yalianzishwa na mafundi wawili, Gumha na Ngika, wote watu wa dawa. Wanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, huyu upande huu yule upande ule, na hakuna majaji wa kukaa na kalamu. Mshindi ni mwenye nyomi. Watu wanatembea kwa miguu yao kwenda kwenye kilicho kitamu, ukiona umma umekukimbia ujue umepigwa. Kila mmoja na dawa yake ya kuvuta watu, sawa, dawa ipo, ila ukiangalia vizuri dawa haikuwa peke yake, aliyepigwa mwaka huu mwakani anarudi na kitu kipya, kaleta chatu anacheza naye shingoni, mwingine kaja na nungunungu, mwingine kaja na fisi. Kupigwa ndio kulikuwa kunaleta ubunifu. Na umma uleule uliomkimbia ndio unakuja mbio kuangalia safari hii kaja na nini. Hakuna Mgika aliyeacha ngoma kwa sababu mwaka fulani Bagalu walijaza, angekuwa mtu wa ajabu sana.

Aliyepigwa anarudi na nini. Swali ni hilohilo, Bujora au New York.

WCW hawakujiuliza. Hawa jamaa waliipiga WWF kwa watazamaji wiki 83 mfululizo, mnafikiri ni mchezo? Walikuwa na Goldberg, mtu aliyetoka kwenye mpira wa Kimarekani, anapanda anakupiga dakika mbili anashuka, hapotezi, wakawa wanatangaza ushindi 173 (namba wameipika kidogo, tuwe wakweli, ila banda lilikuwa linaimba jina lake na hatujui hata Kiingereza). Sasa mtu kama huyo siku akipigwa ni hazina. Unayo moja tu. Tarehe 27 Desemba 1998 wakaitumia, Kevin Nash akamshinda baada ya Scott Hall kumchoma Goldberg na kile kifimbo cha shoti ya umeme. Haya, tukasema sasa hapa kuna stori, Nash kapata mkanda kwa wizi, Goldberg atarudi kama nyati aliyejeruhiwa. Siku nane tu baadae, tarehe 4 Januari 1999, Atlanta, uwanja umejaa, Nash anakutana na Hulk Hogan, Hogan kamgusa kifuani kwa kidole kimoja. Kidole! Nash kajiangusha chali kama kapigwa risasi, Hogan kamlalia, bingwa mpya, wakaanza kukumbatiana, kumbe walipanga wote. Goldberg alipigwa kwa ajili ya hicho. Na usiku uleule upande wa pili Mick Foley, kipenzi cha watu, mtu asiye na sura wala mwili wa bingwa, alikuwa anaonyeshwa akichukua mkanda wa WWF kwa mara ya kwanza, kwenye shoo iliyorekodiwa kabla, na mtangazaji wa WCW aliagizwa aseme matokeo yale hewani kwa kejeli, watu wakabadilisha chaneli kwenda kumwona. Machi 2001 WCW ikanunuliwa na mpinzani wake. Walikufa kwa mambo mengi, mikataba minono, mastaa waliopewa haki ya kukataa kupigwa, siwezi kusema ni kidole kile tu. Ila mimi kwenye banda mikanda ya WCW niliacha kukodi kabla hawajauzwa.

Nije kwa watu wawili ambao nimekuwa nawaza habari zao sana, Daniel Bryan na Kofi Kingston.

Bryan, kajamaa kafupi, ndevu kama mchunga mbuzi. Tarehe 1 Aprili 2012, WrestleMania ya Miami, ni bingwa wa dunia, wakampanga apigwe na Sheamus. Sekunde 18. Kageuka kumbusu mpenzi wake, teke moja la uso, basi. Ilikuwa dharau. Kesho yake kwenye Raw, shoo yao ya kila wiki, uwanja mzima unaimba ile kelele yake, Yes! Yes! Yes!, hawaachi. Wapangaji bado hawakuelewa, wakachukua karibu miaka miwili kumzungusha, ikafika Januari 2014 kwenye Royal Rumble, lile pambano la watu thelathini ambalo mshindi anakwenda kugombea ubingwa WrestleMania, wakamrudisha Batista aliyekuwa kaenda kucheza filamu, wakampa ushindi, Bryan hata hayumo kwenye orodha. Watu walizomea mpaka wakamzomea Rey Mysterio wa watu, kosa lake alikuwa ndio wa mwisho kuingia na sio Bryan. Basi wakanyoosha mikono, tarehe 6 Aprili 2014 pale New Orleans Bryan kampiga Triple H mwanzo wa shoo na mwisho wa shoo kawapiga bingwa Randy Orton na Batista kwa pamoja, kabeba mikanda yote. Nikienda mlangoni kwangu na daftari, zile sekunde 18 ndizo zilizolipa. Hawakukusudia, lakini zililipa kwa sababu aliyedharauliwa aliendelea kuwepo kila wiki, na kidonda kilikuwa wazi, kila mtu anakiona.

Sasa Kofi. Huyu ni mtoto wa Afrika, kazaliwa Ghana. Mwaka 2008 wanamleta kwenye TV, wakaamua Ghana haiuzi, wakamwambia wewe ni Mjamaika, ongea kama Mjamaika. Mghana mzima! Baadae wakaliacha taratibu, akawa Mghana tena, hakuna aliyeomba radhi. Miaka 11 yupo pale, anaruka vizuri kuliko wote, anapewa mikanda midogo midogo, mtu wa kufungulia shoo. Februari 2019 mwenzake mmoja, Mustafa Ali, akaumia, nafasi ikabaki wazi, wakamchomeka Kofi kama unavyochomeka mchezaji wa akiba dakika ya 80. Akapanda kwenye SmackDown, shoo yao nyingine ya kila wiki, akapigana na watu mmoja baada ya mwingine zaidi ya saa nzima. Mwishoni alipigwa. Siku tano baadae kwenye Elimination Chamber, pambano la watu sita ndani ya kizimba, wakabaki yeye na Daniel Bryan, ambaye sasa yeye ndio kawa adui, na Kofi akapigwa tena. Mnaona? Kapigwa mara mbili ndani ya wiki na watu wamesimama wote wanamlilia. Ndio hapo walipoamka. Tarehe 7 Aprili 2019 WrestleMania, akachukua mkanda mkubwa, bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika, watoto wake wakapanda ulingoni. Mi nilikuwa na jirani yangu pale Mabatini tunaangalia kwa simu, bando linaisha linarudi, mzee mzima nikalia. Sina aibu.

Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo SmackDown inahamia chaneli ya Fox, usiku mkubwa wa kibiashara, wakamleta Brock Lesnar. Kofi karuka, Lesnar kamdaka hewani, kamzungusha, moja mbili tatu. Hata sekunde kumi hazikufika. Sasa nataka mnielewe, mimi silalamiki kwamba alipigwa. Bingwa hupigwa. Wala sekunde sio ishu, Bryan alipigwa kwa sekunde 18 akawa mfalme. Kinachoniuma ni kwamba hata Lesnar hajamaliza kushangilia, akatokea Cain Velasquez, yule aliyempiga Lesnar kwenye UFC, mapigano ya kweli yasiyopangwa, mwaka 2010, stori ikaruka ikaenda kwao, kamera zikaenda kwao, na Kofi akarudishwa kwenye timu yake ya New Day kucheka na kurusha vile vichapati vyao vya maji kana kwamba hakuwahi kuwa bingwa. Hakulipiza.  Na hilo pambano la Lesnar na Velasquez lililonunuliwa kwa mgongo wa Kofi lilipofika mwisho wa mwezi kule Saudia lilidumu chini ya dakika mbili. Umechinja ng'ombe ukanunua kiberiti, na kiberiti chenyewe kimelowa.

Tofauti ya hao wawili ni nini? Bryan hakupangiwa, watu ndio walimkatalia asisahaulike. Kofi mwenyewe mpole, watu wakachoka kupiga kelele, na mpangaji akaona kimya akadhani wameridhika. Mi kwenye banda niliogopa kimya kuliko kelele. Anayezomea kalipa na kesho atalipa. Aliyenyamaza anatafuta viatu vyake.

Kuhusu kutema watu niseme haraka maana naona jua linazama na mbu wa ziwa hawana huruma. Kule mpiganaji kisheria sio mwajiriwa, ni mkandarasi, hana chama, akitemwa mara nyingi anakaa siku 90 haruhusiwi kwenda kwa mpinzani. Drew McIntyre 2009 McMahon alisimama mwenyewe akasema huyu ni bingwa wa kesho, akambeba kwa mbeleko, watu wakagoma, wakamshusha akawa mtu wa kuchekwa kwenye kikundi cha vichekesho, 2014 wakamtema. Akarudi kwao Scotland, kumbi ndogo ndogo, akajifunza kuongea, akajenga mwili, 2017 wakamrudisha na Aprili 2020 akampiga Lesnar akawa bingwa kweli, kwenye jengo tupu, korona, hakuna hata mtu mmoja wa kumshangilia. Mwezi uleule tarehe 15 kampuni ikatema watu kibao. Biashara haina adabu. Nawaambia hili kwa sababu hapa mtaanza na watu wengi na wachache watafaa, na yule mtakayemwambia pumzika msimwambie kwa meseji ya WhatsApp, mfuateni kwao.

La mwisho ni Cody Rhodes, maana vijana nyie ndio mnamjua. Huyu aliondoka mwenyewe 2016 kwa kuwa walimpaka rangi usoni wakamfanya kituko, akaenda akashiriki kuanzisha AEW, kampuni pinzani, akarudi WWE 2022 na hadhi yake. Aprili 2023 anakutana na Roman Reigns, wote tunajua leo mkanda unahama, akapigwa. Nilitukana, samahanini mama zangu. Nikasema hawa hawajifunzi. Nilikosea. Walimpiga lakini hawakumtupa, kila wiki alikuwepo na kila wiki alikuwa anasema sijamaliza, akashinda Royal Rumble tena Januari 2024. Halafu wakakaribia kuharibu, siku chache tu baadae The Rock akatokea, Cody akamwachia nafasi, watu wakawaka nchi nzima ya Marekani na mitandaoni mpaka huku, kwamba tunamtaka Cody. Na The Rock sio mtu mdogo, alikuwa ameshaingia kwenye bodi ya kampuni mama. Wakarudi nyuma. Tena walirudi kwa akili, hawakumficha The Rock, wakamgeuza adui, zile hasira za watu wakaziingiza ndani ya shoo. Tarehe 7 Aprili 2024 Philadelphia, Reigns kashikilia mkanda siku 1,316, Cody akamshinda. Lakini piga hesabu ya mlangoni. Angeshinda 2023 watu wangetoka wanarusha ngumi hewani wakaenda kulala.

Haya. Sasa nyie.

Nimewaangalia mazoezi juzi bila kuwaambia, nilikaa pale kwa muuza miwa. Kuna huyu mrefu wa Mwaloni, ana mwili, anatisha, watoto wanamkimbia. Na kuna huyu mfupi wa Igogo, anaruka vizuri, ana maneno, akianguka watu wote wanasema aah! kama kaanguka mdogo wao. Nyote wawili nimesikia kila mmoja kasema akipigwa shoo ya kwanza anaacha. Huyu wa Igogo ameshawaambia mpaka ndugu zake wa Ukerewe waje na meli kumwona akishinda.

Mdogo wangu, simama nikuone. Wewe ndio unapigwa.

Usinune, sikiliza kwanza. Unaanza vizuri, unamzungusha huyu mrefu mpaka watu wanasimama, halafu mwenzie anakuja nyuma na ndoo ya dagaa, refa anahangaika na kiatu chake, unapigwa ndoo, unalaliwa, moja mbili tatu. Hugongi mkono. Hubebwi. Unatoka kwa miguu yako mpaka pale kwenye mitumbwi na kamera inakufuata, husemi neno hata moja. Ndugu zako wa Ukerewe watakasirika, acha wakasirike, waulize meli ya Jumamosi inayofuata inaondoka saa ngapi. Na wewe mrefu usicheke, wiki ya nne ni zamu yako, tutakaa wote watatu tuelewane kabla, hakuna mtu atagongewa kengele hapa.

Wenye magodoro leteni yale mawili yaliyobaki, giza linaingia na huyu mtoto hajajua bado kuanguka kwa mgongo. Njoo hapa. Kidevu kifuani. Hivyo. Sasa jiachie.